CT, MRI au PET: kipimo kipi kinaonyesha mchochota wa ubongo, na kwa mgonjwa gani

Fomu ya kuomba picha ikiandikwa "kutafuta mchochota wa ubongo" na kuishia hapo, anayepiga picha hubaki kubahatisha. Mchochota hauna rangi wala umbo lake kwenye skani. Hakuna mashine inayouona wenyewe. Kila mashine huona jambo moja linaloandamana nao: maji yaliyozidi ndani ya tishu, mishipa ya damu inayovuja, sukari inayotumika kupita kiasi au chini ya kiasi, chuma kilichojikusanya ndani ya seli, au protini fulani iliyoongezeka. Mambo hayo hayatokei yote kwa wakati mmoja, na hayatokei katika kila ugonjwa. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anaweza kuwa na MRI (picha za sumaku) safi na PET (picha za dawa yenye mionzi inayosambaa mwilini) yenye kasoro ndani ya wiki moja, na vipimo vyote viwili vikawa vimesema kweli.

Tunasema mchochota hapa, hatusemi uvimbe, kwa sababu ndugu wa mgonjwa wakisikia "uvimbe kwenye ubongo" wengi huelewa saratani. Mchochota ni kazi ya mfumo wa kinga: seli za ulinzi zilizomo ndani ya ubongo (maikroglia na astrosaiti), pamoja na zile zinazoingia kutoka kwenye damu, zinapambana na kijidudu, na tishu ya mwili wenyewe, au na taka zinazoachwa na ugonjwa wa muda mrefu kama Alzheimer.

Njia tano zinalinganishwa: CT (picha za eksirei za vipande vya kichwa), MRI ya kawaida pamoja na gadoliniamu (dawa ya kung'arisha picha, huchomwa mshipani), MRI ya kina (picha za chuma na spektroskopia), PET ya glukosi, na PET ya TSPO.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia inaulizwa maswali manne. Inaona nini hasa? Inafanywaje, kwa muda gani, na kwa mionzi kiasi gani? Ni nini huiharibu au kumpotosha msomaji wa picha? Na inamfaa nani? Swali la tatu ndilo limepewa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa makosa mengi hutokea hapo, na mengi hutokea kabla mgonjwa hajalala kwenye meza.

1. CT

*Inachoona.* CT huona matokeo makubwa ya mchochota, si mchochota wa mapema: ubongo uliojaa maji, vyumba vya maji vilivyotanuka, jipu, damu, na chembe za chokaa. Ikipigwa na kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) ya iodini, huweza kuonyesha utando wa chini ya ubongo uking'aa katika kifua kikuu cha utando wa ubongo, mara nyingi sambamba na vyumba vya maji vilivyotanuka na maeneo yaliyokosa damu.

*Inavyofanywa.* Picha yenyewe ni sekunde chache. Mionzi ya CT ya kichwa ni takriban mSv 2 (milisiverti, kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Kontrasti ikihitajika huwa mL 50 hadi 100, na kabla yake mgonjwa aulizwe kuhusu mzio, figo na ugonjwa wa tezi ya shingo.

*Inapopotosha.* CT safi katika siku za mwanzo za ensefalitisi (mchochota wa tishu ya ubongo) ya virusi vya herpes haimaanishi chochote. Doa huanza kuonekana baada ya siku kadhaa, wakati tishu imeshaharibika. Pia mfupa mnene wa chini ya fuvu hutia mistari ya giza kwenye shina la ubongo, kwa hiyo mchochota wa eneo hilo hupita bila kuonekana.

*Anayefaa.* Mgonjwa asiyetulia au aliyepoteza fahamu, mwenye kifaa cha chuma kisichoruhusu MRI, au anayetakiwa kutolewa maji ya uti wa mgongo huku kukiwa na dalili za shinikizo kubwa kichwani. Kuna jambo moja ambalo CT huishinda MRI waziwazi, nalo ni chokaa. Lava wa tegu wa nguruwe aliyekufa zamani ndani ya ubongo huonekana kwenye CT kama kidonge cheupe cha milimita chache, kigumu, kisicho na maji pembeni. Kwenye MRI kidonge hichohicho kinaweza kupita bila kugundulika. Lava anayekufa sasa hivi ni habari nyingine: huzungukwa na pete inayong'aa na maji tele, na hapo ndipo kifafa huanza. Pete hiyo na maji hayo ndiyo mchochota wenyewe ukiwa kazini.

2. MRI ya kawaida, pamoja na gadoliniamu

*Inachoona.* Mambo mawili tofauti ambayo huchanganywa kila siku. Picha za FLAIR na T2 (aina mbili za picha za MRI) huona maji: eneo lenye mchochota hujaa maji na kuwa jeupe. Lakini kovu la miaka kumi pia ni jeupe, na hata mishipa midogo iliyochakaa kwa shinikizo la damu huacha madoa meupe. Picha ya T1 baada ya gadoliniamu huona kuvuja: dawa hii kwa kawaida haipiti kizuizi kati ya damu na ubongo, hivyo ikionekana ndani ya doa, kizuizi kimefunguka. FLAIR inakuambia kuna kitu, gadoliniamu inakuambia kitu hicho kinavuja sasa. DWI (picha ya mwendo wa maji ndani ya tishu) nayo huongeza taarifa kuhusu seli zilizovimba, na katika ensefalitisi ya herpes mara nyingi ndiyo picha ya kwanza kubadilika, hasa upande wa ndani wa lobu za pembeni, zile zilizo usawa wa masikio.

Doa moja, kwa ukaribu. Pete inayong'aa ikiwa imefunga mzunguko wote, na katikati yake DWI ni nyeupe sana, fikiria jipu. Pete ikiwa haijafunga, na upande ulio wazi ukielekea gamba la ubongo, fikiria ugonjwa unaovua mishipa ya fahamu ganda lake, kama multipo sklerosisi (MS). Tofauti hiyo ndogo imewaepusha wagonjwa na kisu cha kuchukua kipande cha ubongo.

*Inavyofanywa.* Mashine ya Tesla 1.5 inatosha, Tesla 3 ni bora. Omba FLAIR ya pande tatu yenye unene wa milimita 1. Kama haipo, vipande visizidi milimita 3 na visiachiwe nafasi kati yake. Kipimo cha gadoliniamu ni mmol 0.1 kwa kila kilo. Angalia chupa: dawa nyingi zina mmol 0.5 kwa mL, hivyo mgonjwa wa kilo 60 huchomwa mL 12, lakini zipo zenye mmol 1 kwa mL, na huyohuyo hupewa mL 6. Kuzichanganya ni kumpa mtu mara mbili ya kipimo au nusu yake.

Mpangilio wa picha una siri yake. T1 ya kabla ya dawa ipigwe kwanza, kwa sababu damu, mafuta na chokaa huweza kung'aa bila dawa yoyote, na bila picha hiyo huwezi kujua kilichong'aa kwa dawa na kilichokuwa hivyo tangu mwanzo. Kisha chomwa dawa, na wakati inasambaa pigwe T2 na picha nyingine. T1 ya mwisho ifuate baada ya dakika 5 hadi 10. Haraka ya kumaliza ndiyo adui hapa. Dakika moja baada ya sindano, doa linalovuja taratibu bado halijanyonya dawa ya kutosha, na ripoti itasema "hakuna kinachong'aa".

*Inapopotosha.* Steroidi (dawa za kutuliza mchochota) kwanza. Methylprednisolone gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5, hufunga kizuizi ndani ya siku chache, na madoa yaliyokuwa yaking'aa hunyamaza huku ugonjwa ukiwa bado upo. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu, picha itangulie sindano. Dawa ikishaanza, tarehe na kipimo chake viandikwe kwenye fomu.

La pili ni muda. Doa la MS hung'aa kwa wiki 2 hadi 8, na mengi hayafiki hata wiki 4. Mgonjwa anayepigwa picha miezi miwili baada ya kuumwa anaweza kukutwa bila doa linalong'aa, na hilo halifuti kilichotokea. Kinyume chake, doa linaloendelea kung'aa zaidi ya miezi 3 lifanye timu ijiulize upya kama kweli ni MS. La tatu ni mishipa ya damu: mshipa uliokatwa kwa upana unafanana kabisa na doa dogo. Ufuate kwenye vipande vya juu na chini, ukiendelea kama uzi ni mshipa.

Na kuna ukimya wa MRI. Katika ensefalitisi ya kingamwili za NMDA (kinga ya mwili inaposhambulia vipokezi vya NMDA vya seli za fahamu), zaidi ya nusu ya wagonjwa huwa na MRI ya kawaida mwanzoni. Mtu anaona vitu visivyokuwepo, anakakamaa, hasemi, na picha haina kasoro. Wengine huishia wodi ya magonjwa ya akili kwa sababu ya picha hiyo.

Kuhusu usalama: figo zikiwa dhaifu sana (uchujaji chini ya mL 30 kwa dakika), chagua dawa za gadoliniamu zenye muundo wa pete, kwa kuwa zile za muundo wa mstari zimehusishwa na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo. Tangu 2014 imejulikana pia kwamba chembe za gadoliniamu hubaki ubongoni baada ya dozi nyingi, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisitisha matumizi ya sehemu kubwa ya zile za mstari. Madhara ya mabaki hayo ubongoni hayajathibitishwa, lakini kuchoma dawa kwa mazoea tu si jambo la kufanya. Miongozo ya kimataifa ya MS ya mwaka 2021 inaruhusu ufuatiliaji wa kawaida bila gadoliniamu iwapo picha ya awali ipo na imepigwa kwa namna ileile.

*Anayefaa.* Karibu kila mgonjwa, kama kipimo cha kwanza chenye maana.

3. MRI ya kina: picha za chuma na spektroskopia

*Inachoona.* Mchochota ukidumu miaka, kizuizi hujifunga tena na gadoliniamu haioni kitu, lakini seli za maikroglia zinabaki kwenye ukingo wa doa zikiwa zimebeba chuma. Chuma huvuruga sumaku, na picha za aina ya SWI huonyesha pete nyembamba nyeusi kuzunguka doa. Madoa haya yenye pete ni alama ya MS inayoendelea kuunguza chini kwa chini. Picha hizohizo huonyesha mshipa mdogo ukipita katikati ya doa, alama inayotenganisha MS na madoa ya mishipa iliyochakaa. Marekebisho ya 2024 ya vigezo vya McDonald, vinavyotumika kutambua MS, yameziingiza alama zote mbili katika utambuzi.

Spektroskopia haipigi picha. Hupima kemikali ndani ya kisanduku kimoja cha tishu, kwa kawaida sentimita 2 kila upande. Mayo-inositoli (alama ya 3.5 kwenye grafu) hupanda pale seli za ulinzi zinapoongezeka, kolini (3.2) hupanda utando wa seli unapovunjwa na kujengwa kwa kasi, na NAA (2.0) hushuka seli za fahamu zinapokufa.

*Inavyofanywa.* Hakuna mionzi, na picha za chuma hazihitaji sindano. Mashine ya Tesla 3 ndiyo ya kutegemewa. Zinaongeza dakika chache kwenye MRI ya kawaida.

*Inapopotosha.* Kosa la kwanza ni la kuudhi kwa sababu haligharimu kitu kuliepuka: mashine nyingi zimewekwa zihifadhi picha iliyochakatwa tu na kutupa data ya awamu (phase), sehemu ya ishara inayobeba mvurugo wa sumaku. Pete huonekana vizuri zaidi kwenye awamu. Mwambie mpiga picha aihifadhi *kabla* ya kuanza, maana ikishafutwa hairudi hadi mgonjwa alale tena. Kosa la pili ni eneo. Karibu na mianzi ya pua na mfupa wa sikio hewa huvuruga sumaku, na pete za uongo hujitokeza. La tatu, kwa spektroskopia: ukipima kwa TE (muda wa kusubiri mwangwi wa ishara) ndefu, kama milisekunde 144, mayo-inositoli hutoweka kwenye grafu na unakosa kile ulichokuja kukitafuta. Tumia TE fupi ya milisekunde 30 hivi. Kisanduku kikigusa fuvu, mafuta ya mfupa huingia na kuonekana kama tishu iliyooza. Tena, kolini iliyopanda haitofautishi mchochota na saratani, kwa hiyo spektroskopia peke yake isiamue.

*Anayefaa.* Mwenye madoa meupe yasiyoeleweka, anayeulizwa kama ni MS au ni mishipa. Pia mgonjwa wa MS anayedhoofika polepole bila madoa mapya.

4. PET ya glukosi

*Inachoona.* Matumizi ya sukari. Seli za kinga zilizoamka hula sukari nyingi, lakini seli za fahamu nazo hula sukari nyingi wakati wote, kwa hiyo ubongo mzima ni mweupe tangu mwanzo. Mtaalamu hatafuti taa moja gizani. Anatafuta mpangilio uliovurugika. Katika ensefalitisi ya kingamwili za NMDA, lobu za kisogoni mara nyingi hupoa, yaani hutumia sukari kidogo. Katika ile ya kingamwili za LGI1 (protini nyingine ya ubongo), inayokuja na mikazo ya ghafla ya uso na mkono upande mmoja, ya sekunde chache, mara nyingi kwa siku, besali ganglia (viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo) au sehemu za ndani za lobu za pembeni huwaka, yaani hutumia sukari nyingi. Vigezo vya kimataifa vya 2016 vya ensefalitisi ya kinga vinakubali PET hii mahali pa MRI kuthibitisha kasoro ya pande mbili katika sehemu hizo za ndani.

*Inavyofanywa.* Mgonjwa afunge kula saa 4 hadi 6, maji matupu yanaruhusiwa. Sukari ya damu ipimwe kabla ya sindano. Ikizidi mmol 8.9 kwa lita picha huanza kufifia, na kuishusha kwa insulini dakika za mwisho hakusaidii. Kanula iwekwe angalau dakika 10 kabla, ili maumivu ya sindano yasiwe sehemu ya picha. Kisha chumba chenye mwanga hafifu, kimya, mgonjwa amelala bila simu, bila gazeti, bila mazungumzo, kwa dakika 20 hadi 30 baada ya dawa kuingia. Hapo ndipo ubongo unajipiga picha, si mashine inapozunguka. Akitazama simu wakati huo, lobu za kisogoni zitawaka na kuficha upoaji unaotafutwa. Picha hufuata kati ya dakika 30 na 60 baada ya sindano, na huchukua dakika 10 hadi 20.

Dozi ya MBq 185 (megabekereli, kipimo cha nguvu ya dawa yenye mionzi) huleta mionzi ya takriban mSv 3.5. Dawa yenyewe haina subira: florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Mgonjwa akichelewa karibu saa mbili, nusu ya dawa imeshayeyuka ndani ya kichupa.

*Inapopotosha.* Kifafa. Eneo lenye kifafa kinachoendelea huwaka kama mchochota, hata kama mgonjwa haonekani akitikisika, na baada ya kifafa kwisha hupoa. EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ifanyike siku ileile, ikiwezekana wakati wa kusubiri dawa isambae. Dawa za usingizi hupoza ubongo mzima. Asiyeweza kutulia apewe dawa hiyo baada ya dakika 30 za kusambaa, si kabla. Steroidi nazo hubadilisha mpangilio.

Jambo jingine linalosahaulika: ukishalipia PET, omba na mwili mzima, maana baadhi ya ensefalitisi hizi huchochewa na saratani iliyojificha. Lakini uvimbe wa ovari unaoambatana na NMDA, teratoma, mara nyingi haunyonyi glukosi. Huo hutafutwa kwa ultrasaundi au MRI ya nyonga.

*Anayefaa.* Mwenye dalili nzito za ensefalitisi ya kinga na MRI isiyo na jibu. Haimfai mwenye dharura ya saa chache.

5. PET ya TSPO

*Inachoona.* TSPO ni protini ya utando wa nje wa mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli), yenye uzito wa kilodaltoni 18. Ilianza kujulikana miaka ya 1970 kama mahali ambapo diazepam hujishikiza nje ya ubongo. Huongezeka sana pale seli za ulinzi zinapojaa, na dawa zenye mionzi kama PK11195, PBR28 na DPA-714 hujishikiza juu yake. Kati ya njia zote tano, hii ndiyo iliyotengenezwa kwa lengo la kuukaribia mchochota zaidi.

*Inavyofanywa.* Kipimo cha jeni huja kwanza. Badiliko moja liitwalo rs6971 hugawa watu katika makundi matatu: wenye mshiko mkubwa, wa kati na mdogo. Kwa PBR28, tofauti kati ya mshiko mkubwa na mdogo ni takriban mara 50, kwa hiyo mtu wa kundi la mwisho huonekana hana mchochota hata ubongo wake ukiwa unaungua. PK11195 haiathiriwi hivyo, ila ishara yake ni dhaifu na kelele ni nyingi, na kaboni-11 iliyomo hupungua nusu kila dakika 20. Ni lazima saiklotroni (mashine ya kutengeneza dawa hizo zenye mionzi) iwe jengo hilohilo. Picha huchukua dakika 60 hadi 90 mfululizo, na vipimo sahihi huhitaji mrija kwenye mshipa wa ateri wa mkono ili kuhesabu dawa ndani ya damu.

*Inapopotosha.* TSPO haipo kwenye maikroglia tu. Ipo pia kwenye astrosaiti na kuta za mishipa ya damu. Utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba kwa binadamu, tofauti na panya, TSPO hufuata wingi wa seli za ulinzi kuliko ukali wa kazi yao. Picha iliyowaka inasema seli ni nyingi, haisemi kama zinajenga au zinabomoa. Tena hakuna sehemu ya ubongo isiyo na TSPO kabisa ya kutumia kama kipimo cha sifuri, kwa hiyo watafiti wengi hulinganisha na serebela (ubongo mdogo wa nyuma), na ugonjwa ukiwa umeigusa serebela hesabu yote huyumba. Mgonjwa anayetumia diazepam atajwe mapema.

*Anayefaa.* Utafiti: kulinganisha makundi, au kufuatilia kama dawa mpya inapunguza mchochota kwa mtu yuleyule. Haimo katika vigezo vya utambuzi wa ugonjwa wowote wa ubongo. Mtu akiuziwa kama kipimo cha kuamua tiba yake binafsi, ana haki ya kuuliza maswali magumu.

Uchague kipi, kwa hali ipi

*Homa, kuchanganyikiwa na kifafa ndani ya siku moja au mbili.* Aciclovir mg 10 kwa kilo kila saa 8 ianze kwanza, isisubiri picha. CT ni ya kuhakikisha maji ya uti wa mgongo yanaweza kutolewa kwa usalama, MRI yenye DWI ifuate mapema iwezekanavyo. Kinachothibitisha herpes ni PCR (kipimo cha vinasaba vya virusi) ya maji hayo.

*Mashaka ya MS kwa mara ya kwanza.* MRI ya ubongo na uti wa mgongo na gadoliniamu, ukiongeza picha za chuma kama mashine inaruhusu. Kwa anayefuatiliwa tayari, FLAIR ileile, mashine ileile kama inawezekana, na gadoliniamu kwa sababu maalumu tu.

*MRI safi lakini tabia imebadilika ndani ya wiki chache, na kuna mikazo au kifafa kipya.* EEG, kingamwili kwenye damu na maji ya uti wa mgongo, na PET ya glukosi. Mwanamke kijana atafutwe teratoma hata PET ikiwa safi.

*Steroidi zimeshaanza.* Usisubiri picha kamili. Piga MRI bila kutegemea sana gadoliniamu, FLAIR ndiyo itakayobeba uzito, na ripoti itaje siku ya ngapi ya dawa.

*Mjamzito.* MRI bila gadoliniamu. Anayenyonyesha anaweza kupewa gadoliniamu na kuendelea kunyonyesha.

*Mzee mwenye kumbukumbu inayoshuka haraka, maumivu ya kichwa au kifafa kipya.* FLAIR pamoja na SWI au T2*. Maji yasiyolingana pande mbili pamoja na vidoa vidogo vya damu kwenye gamba huashiria mchochota wa mishipa yenye amiloidi (protini inayoganda ubongoni), unaoweza kutulia kwa steroidi. Picha hizohizo ndizo humlinda anayetumia dawa za kuondoa amiloidi kama lecanemab, kwa kuwa dawa hizo huweza kuleta maji na damu ubongoni, na ndiyo maana MRI hurudiwa kati ya dozi za mwanzo. TSPO kwa mgonjwa huyu haitabadilisha tiba.

*CT pekee ndiyo ipo.* Piga bila kontrasti kisha na kontrasti, tazama utando wa chini, vyumba vya maji na chokaa, na usiandike "hakuna mchochota". Andika "hakuna kinachoonekana kwa CT". Kama maji ya uti wa mgongo yana seli nyingi, hayo ndiyo yaongoze tiba.

*Kwenye fomu, kwa kipimo chochote kati ya hivi:* siku dalili zilipoanza, tarehe na dozi ya steroidi, mara ya mwisho ya kifafa na matokeo ya EEG, dawa za usingizi, kiwango cha figo, na picha za zamani ziambatanishwe zenyewe kwenye diski, si ripoti yake peke yake.